Mtani Alinilia Pikapu Yangu Huku Nacheka

Admin, salamu. Nifichie jina, maana Kibiti ni ndogo na wakwe zangu wote wamo humu kwenye ukurasa wako. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, watoto wangu watatu wote ni watu wazima. Kazi yangu ni samaki. Nanunua kwa wavuvi wanaokuja na boti Nyamisati kutoka Kiongoroni na vijiji vingine vya deltani, napakia kwenye pikapu yangu, nauza Kibiti na Ikwiriri. Pikapu hiyo tuliinunua mimi na marehemu mume wangu kwa ufuta wa misimu miwili, tukiwa bado na nguvu zetu. Sasa imezeeka, na swali langu ni kama niiuze au nibaki nayo. Lakini someni mpaka mwisho kabla hamjaniandikia "uza mama, upumzike".

Tangu mume wangu afariki, fundi wangu amekuwa mmoja tu. Nitamwita Mtani, kwa sababu ndivyo alivyo: ukoo wao na wa kwetu ni watani tangu mababu. Siku ya msiba wa mume wangu, ni yeye aliyevaa kofia ya marehemu akatembea uani akichechemea kama yeye, akanigombeza kwamba chai haina sukari, mpaka nikacheka na machozi yakiwa bado usoni. Mtu aliyekuchekesha siku kama ile humfichi kitu. Funguo za gari nilimpa kama nampa kaka yangu wa tumbo moja.

Basi gari likawa halimalizi wiki bila kuharibika. Leo rejeta, kesho stata, keshokutwa gia haiingii. Mara mbili samaki waliniozea njiani, nikawamwaga porini huku nalia. Na kila nikienda gereji kulichukua, Mtani anapaza sauti wateja wote wasikie: "Mtani, leo nimekuibia stata! Nimekuwekea kopo la maziwa. Ukifika Bungu ushuke usukume!" Watu wanaangua kicheko, na mimi namjibu: "Iba tu, mwizi we! Ukoo wenu mzima mmezaliwa na mikono mirefu." Ndivyo tunavyoishi na watani. Kwetu ukikasirikia utani, au ukiinama kukagua kama kweli umeibiwa, wewe ndiye unayeonekana huna adabu. Sikuinama hata siku moja.

Mwezi uliopita gari likagoma Ikwiriri, karibu na soko. Fundi wa pale, mtu mzima asiyenijua, akafungua boneti akaangalia weee, kisha akaniuliza, "Mama, hili gari nani anakutengenezea?" Nikamtajia. Akatikisa kichwa. "Stata hii si ya gari hili. Rejeta nayo si yake. Hata hii gia boksi imetolewa kwenye mzoga. Vitu vyako vizuri viko kwa mtu."

Nilishajua viko kwa nani. Mtani ana pikapu kama yangu. Aliinunua ikiwa imekufa, mtaa mzima tukamcheka kwamba ameleta banda la kuku. Siku hizi inawaka mara moja tu na inabeba mchanga na matofali. Kesho yake nikaenda gereji asubuhi. Yeye alikuwa uvunguni mwa lori la mtu, nikafungua boneti ya gari lake. Marehemu mume wangu alikuwa na tabia moja: kila akifunga kifaa kipya anakitia alama ndogo kwa rangi yangu ya kucha, nyekundu, na tulikuwa tukigombana kwa sababu ananimalizia chupa. Nikaziona alama zake. Kwenye stata ipo. Kwenye rejeta ipo. Nikaigusa ile rangi kwa kidole, nikalia kama ndiyo kwanza tumemzika.

Mtani akatoka uvunguni anajifuta mikono. Hakushtuka hata kidogo. "Sasa unalia nini, mtani? Si nilikuwa nakwambia kila siku? Nimekuficha nini mimi?" Wateja waliokuwepo wakacheka, wakidhani tunaendelea na yetu. Nikafunga boneti, nikaondoka.

Nikaenda kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Akaniambia, "Mtani hashitakiwi, shemeji. Ukienda polisi utatuaibisha. Uza hilo gari yaishe." Wanangu nao wanasema uza. Na mnunuzi aliyejitokeza ni mmoja tu, mnamjua. Amemtumia mwanangu ujumbe kwamba atalichukua kama chuma chakavu, "kwa heshima ya marehemu." Ningekuwa karibu naye ningemtemea mate. Nikimuuzia, nimemmalizia wizi wake kwa mkono wangu, na biashara ya samaki ndiyo basi tena. Nikibaki nalo, litaniozeshea mizigo mpaka nifilisike, na mafundi wengine wa hapa wote ni wanafunzi wake.

Sasa mama yake Mtani amefariki, na Jumamosi ni arobaini. Mama yule hakuwa na ubaya na mtu. Eda yangu yote alikuwa ananiletea chakula. Lakini kwa mila zetu, mtani akifika msibani anaweza kushika kitu chochote cha wafiwa akaondoka nacho mpaka wakikomboe, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Fundi wa Ikwiriri nimeshaongea naye, yuko tayari kurudisha kila kifaa kilipotoka. Naweza kuingia pale mbele ya mashehe na ndugu zake wote, nikachukua ufunguo wa ile pikapu, nikapanda nikaondoka. Watacheka wote, na yeye itabidi acheke.

Wanangu wanasema nitamvunjia heshima yule mama marehemu. Labda ni kweli, na hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Ndugu zangu, nifanyeje, niuze yaishe au Jumamosi niende? Maana nikiushika ule ufunguo, mimi sitakuwa natania.