Msingi Wenye Mapazia

Nilipanga chumba kimoja Kamunyonge kwa miaka sita, kwa mama mmoja mjane ambaye nyumba yake ilikaa juu ya jabali. Musoma ina mawe makubwa kuliko nyumba, na asiye na uwezo wa kununua kiwanja cha tambarare hujenga pale jiwe linapomruhusu. Upande wa juu, ukuta wetu ulianzia kwenye udongo. Upande wa ziwani jiwe liliteremka ghafla, ikabaki nafasi kati yake na sakafu. Marehemu mume wa mama aliizungushia mawe nafasi hiyo, akaweka mlango wa bati, wakafugia kuku.

Juu yetu kidogo, kwenye jabali hilohilo, palikuwa na nyumba ya tajiri mwenye malori ya samaki na kituo cha mafuta njia ya Bunda. Kutoka barabarani uliona geti jeusi na paa moja. Kutoka ziwani uliona paa hilohilo, na chini yake sakafu tatu zilizopandana, zenye vioo na vigae. Naeleza mpangilio huu mapema kwa sababu kila kilichofuata kilitokana nao.

Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Ukinunua umeme, kodi ya mwezi huondoka kwanza, ndipo unapewa uniti za kilichobaki. Nyumba ya kawaida ina kiwango chake. Ghorofa hukatwa kwa kila sakafu. Mama mwenye nyumba aliishi kwa friza moja. Aliuza barafu za ubuyu kwa wanafunzi, na chupa za maji yaliyoganda kwa akina mama wa samaki. Mwezi mmoja alinunua umeme, uniti zikaja chache hata akadhani simu imekosea. Mwezi uliofuata, vilevile. Barafu zikawa zinayeyuka kabla ya mapumziko ya saa nne. Nikaenda kuuliza, nikaambiwa nyumba yetu imeandikishwa kuwa ghorofa.

Ya tajiri ilikuwa ya kawaida.

Nilichunguza, nikapata maelezo. Mwandikishaji alifika kwa tajiri kwa gari, akasimama getini, akaona paa moja. Kwetu gari halifiki, akapita kwa miguu njia ya ziwani, akatutazama kutoka chini, akaona mlango juu ya mlango. Kila nyumba aliitazama kutoka upande uliokuwa rahisi kufikika. Sikumlaumu sana. Kazi yangu ni kutengeneza mizani, niliianza kwenye vituo vya kununulia pamba Bunda, na najua kwamba mshale ukiusoma ukiwa umesimama kando utapata uzito ambao haupo.

Lakini friza haikungoja maelezo. Mwenye bucha mmoja wa Bunda alikuja kuitazama, akaifungua na kuifunga mara nne, akataja bei, akasema mwisho wa mwezi ujao atarudi na gari. Mama hakukubali wala hakukataa. Aliifuta vumbi tu baada ya yule kuondoka, kama mtu anayemwogesha mtoto wa kwenda safari.

Mkutano wa mtaa uliofuata ulihusu taka. Mama alinyoosha mkono.

"Mwenyekiti, nina swali dogo. Kuku wangu wanalipaga kodi ya ghorofa. Huyu jirani yangu wa juu analipaga ya nini?"

Watu wakacheka. Fundi cherehani akasema, "Acheni wivu jamani. Mzee yule analipa ushuru wa samaki, analipa ya malori, analipa ya mafuta. Ninyi mnalipa nini?"

"Ya mafuta nalipa mimi nikijaza tangi," akajibu dereva wa bodaboda. "Yeye anaipeleka tu. Hata mimi nikipewa pesa ya watu niipeleke mjini, nitaitwa mlipaji mkubwa?"

"Basi fungua kituo chako."

"Nifungue kwa nini, kwa kofia hii ya kuendeshea?"

Tajiri mwenyewe alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha plastiki alichotoka nacho nyumbani. Alisubiri kelele zipungue, akasema kwa utulivu, "Ndugu zangu, mimi sikwepi kodi. Nyumba yangu ni moja. Ina paa moja, geti moja, LUKU moja. Hayo ya chini mnayoyaona si nyumba, ni msingi. Jiwe linateremka, na msingi lazima uteremke nalo."

"Msingi wenye mapazia?" mama akauliza.

"Ni msingi wangu, mama. Nikitaka kuuvisha suti nitauvisha."

Mwenyekiti, mtu wa familia ya wafanyabiashara wa mjini aliyependa mambo yaishe, akaunda kamati: yeye, fundi mwashi mmoja, na mimi kwa kuwa nina vipimo. Tulipewa sharti moja: kanuni tutakayoitumia kwa nyumba ya juu, ndiyo itumike kwa ya chini. Barua yetu ingepelekwa ofisi ya kodi.

Jioni hiyo nilikaa na daftari nikaona jambo ambalo halikunifurahisha. Nikamweleza mama. Kama sakafu mbili za chini za tajiri ni msingi, basi banda letu nalo ni msingi, na sisi tumepona. Tukimbana yeye, tumejibana wenyewe.

"Kwa hiyo tumwombee ashinde?" akauliza.

"Kwa hesabu ilivyo, ndiyo."

"Mungu atatushangaa sana."

Tulipima Jumamosi asubuhi. Nilitumia mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga ambao waashi huujaza maji ili wapate usawa wa sehemu mbili. Tatizo halikuwa mpira. Tatizo lilikuwa ardhi inaanzia wapi. Mwashi alisema inaanzia barabarani. Mwenyekiti alisema inaanzia ziwani, kwani huko ndiko chini kabisa. Mwashi akamjibu kwamba ziwa lenyewe halitulii, majuzi tu lilipanda likaingia vyumbani mwa watu, na kwa hesabu hiyo hata choo cha mwenyekiti ni ghorofa. Mimi nilipendekeza jiwe. Daftari langu la siku hiyo lina ardhi tatu, kila moja na vipimo vyake, na zote nimezipigia mstari.

Tajiri aliongozana nasi akieleza kila kitu kwa upole. Tulipozunguka kona ya mwisho kuingia upande wa ziwani, akasimama ghafla, akarudi nyuma ya kona, akatugeuzia mgongo. Mbele yetu, kwenye mlango wa sakafu ya chini kabisa, mama mzee alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua choroko kwa vidole, kwa sababu macho yake hayakuona vizuri. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa kando yake, akimsaidia. Mzee huyo alikuwa mama mzazi wa mke wa tajiri. Alitoka Butiama, upande wa Mwitongo, ambako nami nilizaliwa, na huo ulikuwa mwezi wake wa tatu mjini akitibiwa macho.

Kwetu mkwe wa kike hatazamani usoni na mume wa binti yake, na ujumbe kati yao hupita kwa mtu wa tatu. Kulala chini ya paa moja hakuna. Kuhusu mkwe mwanamume kulala juu ya kichwa cha mama mkwe, sijui wazee walisema nini, kwa sababu wakati wao nyumba hazikupandana. Familia ilikuwa imelimaliza hilo kwa kumwambia mama mzee kwamba pale chini ni nyumba nyingine: ina mlango wake, ina njia yake, na zege la juu ndilo paa lake. Alikubali kwa masharti hayo.

Mwenyekiti hakuyajua haya. Aliinua karatasi akasoma kwa sauti ya mkutano: "Basi tuandike kwamba huku chini hakuna nyumba. Ni msingi wa nyumba moja tu, ya mwenye nyumba. Sawa, mzee?"

"Sawa kabisa!" tajiri akajibu kutoka nyuma ya kona. "Nyumba ni moja!"

Vidole vya mama mzee vikasimama kwenye choroko. Hakugeuka. Alimwambia mama mwenye nyumba wangu, taratibu, kwa sauti ambayo sote tuliisikia:

"Mwanangu, niulizie huko kwenye kona. Miezi hii yote nimelala wapi? Kama nyumba ni moja, aliyekuwa akilala juu ya kichwa changu ni nani?"

Akasimama kwa kushika fremu ya mlango, akaingia ndani, na tukasikia zipu ya begi.

"Anafunga mzigo," mama akasema kuelekea kwenye kona. "Baba, mkweo anarudi Butiama. Na akifika atawaambia watu alikolala."

Tajiri hakuweza kuja mbele wala hakuweza kuondoka. Akauambia ukuta, "Mwenyekiti! Futa! Andika tatu!"

"Tatu nini?"

"Nyumba tatu! Moja juu ya nyingine, kila moja na mambo yake!"

"Mzee, ukisema tatu utakatwa tatu."

"Kwani nani alisema silipi? Mimi nimewahi kukataa kulipa? Andika kwa herufi kubwa. Na usome kwa nguvu!"

Mwenyekiti akasoma. Zipu ikatulia.

"Asome tena," ikasema sauti ya ndani. "Masikio nayo si mazuri."

Akasoma mara ya pili. Mara ya tatu tajiri mwenyewe alisoma pamoja naye, kwa kichwa, bila karatasi, uso ukiwa ukutani. Ndipo mama mzee akatoka bila begi, akaketi, akaendelea na choroko.

Mwashi alicheka mpaka akaketi juu ya jiwe. Mimi nilimtazama mama mwenye nyumba. Alikuwa amenyamaza, na nikajua amefika kwenye hesabu kabla yangu. Kanuni ni moja. Kama cha chini ya sakafu ni nyumba kwa tajiri, ni nyumba kwetu. Tajiri atalipa haki yake yote, na friza inakwenda Bunda.

"Mbona umenyamaza?" mama mzee akamuuliza.

Nikamweleza mimi, kwa lugha ya nyumbani, hatua kwa hatua: jiwe, banda, mlango wa bati, LUKU, friza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nipelekeni nikaone."

Tulishuka naye polepole, mama akimshika mkono. Nilifungua mlango wa bati. Kuku wawili wakatoka kwa kishindo. Kwa kuwa hakuona vizuri, aliinama akavuta pumzi kwa pua, mara moja tu, akarudi nyuma.

"Humu mngenilaza mimi?"

"Haiwezekani, mama," nikasema.

"Yule wa kwenye kona angenilaza?"

"Asingethubutu."

"Basi humu si nyumba. Nirudisheni."

Mwenyekiti alinitazama. "Liandike hilo," akasema, "lakini kitaalamu." Nilijaribu njia nyingi ili maana yake isipotee, na barua iliyotoka, yenye muhuri wa mtaa, ilisema hivi: kwamba kamati imepima usawa wa ardhi katika sehemu tatu bila kuafikiana, kwamba kwa sababu hiyo imeamua kuhesabu kuwa sakafu mahali popote ambapo mtu anaweza kumlaza mkwe wake bila aibu, na kwamba kwa kipimo hicho nyumba ya juu ina sakafu tatu, ya chini ina moja.

Niliipeleka mwenyewe. Ofisa aliyeipokea aliisoma mara mbili.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi."

"Umesomea wapi haya mambo?"

"Sikuyasomea."

Akatazama daftari langu la ardhi tatu, akatazama barua tena. Akaniuliza kama kweli niliingia nikaliona banda, nikasema niliingia. "Mimi kwetu ni vijijini Bunda," akasema. "Mkwe wangu anakuja Desemba." Kisha akagonga muhuri. Sijui aliandika nini kwenye kompyuta. Mwezi uliofuata tulikatwa sakafu moja. Zile tulizokatwa zamani hazikurudi, na barua zangu za kuzidai ninazo nakala.

Mama mzee alipona macho akarudi kwao. Tajiri hakuomba kubadilishiwa hesabu, kwa sababu mkwe anaweza kurudi siku yoyote. Siku hizi kwenye mikutano husimama bila kuulizwa akasema yeye analipa tatu, na fundi cherehani humpigia makofi.

Mwenye bucha alifika mwisho wa mwezi ule wa kukatwa sakafu moja, kama alivyoahidi, na pikapu na watu wawili wa kubeba. Mama alimfungulia friza. Ilikuwa imejaa barafu hadi mfuniko. Yule bwana alisimama akiitazama, jasho likimtoka, akauliza bei ya barafu. Akarudi Bunda na gari tupu, kila mtu akinyonya ya kwake.