Kosa Alilolitafuta Dada Yangu

Nilimwahidi dada yangu mdogo kwamba hakuna mkono mwingine, uwe wangu au wa mama, utakaoigusa kazi yake ya kufuma mpaka aimalize. Tulikuwa tumeketi barazani kwetu Migosi, mjini Kisumu, shule zikiwa zimefungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, naye akanitaka niyarudie maneno hayo polepole, kana kwamba nilikuwa shahidi mahakamani. Niliyarudia. Ndipo alipoingia ndani akatoka na sindano zake, ambazo zilikuwa zimelala chini ya kitanda tangu mwaka ulipoanza.

Ili ahadi hiyo ieleweke, sina budi kueleza yaliyotokea Krismasi iliyotangulia. Mama yetu ni mzaliwa wa Nyandarua, na kila Desemba familia nzima hupanda kwenda huko kumwona nyanya, ambaye sisi humwita Cucu. Kule nyasi huamka nyeupe kwa baridi, na zawadi isiyotia joto haihesabiwi kuwa zawadi. Dada yangu alikuwa amemfumia Cucu kofia ya sufu, kazi yake ya kwanza kubwa. Cucu aliipokea kama anavyopokea kila kitu kilichofumwa: kabla ya kushukuru, aliigeuza nje ndani, akaipitisha chini ya macho yake safu kwa safu. Hakuona dosari. Aliisifu mbele ya wajomba na mashangazi, nao wakapiga makofi.

Dada yangu aliomba kuishika tena. Nilidhani anataka kuifurahia. Kumbe alikuwa anatafuta kitu. Karibu na ukingo wa kofia ile, kwa haraka yake, aliwahi kuviunganisha vitanzi viwili vikawa kimoja, na alilijua kosa hilo kama mtu anavyolijua kovu la goti lake. Hakulikuta. Sehemu ile yote ilikuwa imefumuliwa na kufumwa upya na mtu mwenye mkono mzuri kuliko wake. Hakulia wala hakumshtaki mtu. Baadaye, tulipokuwa tukiosha vyombo, aliniambia, “Ile kofia si yangu. Nimelitafuta kosa langu, halipo.” Tangu siku hiyo hakufuma tena, na mama hakujua kwa nini.

Nimesomea ualimu, na wakati huo nilikuwa bado nasubiri kuajiriwa. Naamini kwamba kazi ya mtoto ni mali yake, pamoja na kasoro zake, na kwamba anayeirekebisha kwa siri humnyang’anya hata anapodhani anampa. Sikuwa na shaka juu ya hilo wakati ule, na sina sasa. Lililonitatiza ni kwamba aliyefanya hivyo ni mama, kwani nyumbani hakuna mfumaji mwingine mzoefu, na sijaona mtu anayewapenda watoto kuliko yeye.

Mama hufuma huku maharagwe yakichemka, hufuma akisikiliza taarifa ya habari, hufuma akikagua kazi ya shule ya dada yangu. Bonge lake la uzi hukaa ndani ya sufuria kuukuu, lisije likabingirika sakafuni na kuokota vumbi. Joto la Kisumu ni adui wa kazi hiyo, kwa maana mkono ukitoka jasho uzi hung’ang’ania sindano na vitanzi hukazana. Kwa hiyo kazi ya mapambo huifanya asubuhi, kabla jua halijavuka paa la jirani, na mchana hujipaka poda ya watoto viganjani akafuma sehemu nyepesi zisizohitaji kufikiriwa. Jirani yetu mmoja, mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, hachoki kumchokoza.

“Mama, hiyo sweta ni ya nani? Unalivalisha jua?”

“Ni yako,” mama humjibu bila kuinua macho. “Siku nitakayokupeleka kwetu, utatetemeka mpaka karai la omena likuponyoke.”

Likizo ikifika, baraza letu hugeuka karakana. Watoto wa ploti nzima, yaani wa nyumba zote za kupanga uani mwetu, huja na mama huwagawia mabaki ya uzi ya mwaka mzima. Huzungushia uzi mabua makavu ya gugu maji wakapata nyota, na kwa vipande vya katoni hutengeneza vishada vya kutundika mlangoni. Baba, ambaye hufanya kazi katika kiwanda cha sukari huko Muhoroni na kurudi Jumamosi, siku moja alikuta nyuzi zimefungwa kutoka kiti hadi kiti, akasimama mlangoni na mfuko wake, akauliza kwa adabu kama wenye nyumba wangependa apitie dirishani.

Lakini watoto wakishakwenda kucheza, mama huziokota nyota zao moja moja. Hukaza palipolegea, hunyoosha palipopinda. Kesho yake kila mtoto huikuta nyota yake imependeza, akaamini ni yeye aliyeifanya vile. Nimemwona mama akiwatazama wakati huo. Uso wake huwa na furaha isiyo na hila yoyote.

Nilimweleza kuhusu ahadi yangu siku ileile niliyoitoa. Tulikuwa tukichambua mchele. Nilimsimulia pia habari ya kofia, na jinsi dada yangu alivyolitafuta kosa lake. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

“Kwa hiyo nimekuwa mwizi nyumbani kwangu,” akasema.

Nilimwambia kwamba sikusema hivyo. Akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alipokuwa msichana, Cucu ndiye aliyemfunza kufuma, na kila alipokosea, Cucu aliichomoa sindano na kuuvuta uzi mpaka safu ya kwanza, mbele ya yeyote aliyekuwapo, kisha akamkabidhi bonge tupu. Siku moja wageni walikuwapo, wakacheka. Mama alijiapia kwamba mtoto wake hataona kazi yake ikifumuliwa mbele ya watu. Kwa hiyo aliichukua aibu ile akaificha, akawa anafumua makosa ya watoto peke yake na kuyarekebisha, pasipo mtu wa kucheka.

Nilielewa. Hata hivyo nilimwambia kwamba ahadi inabaki palepale.

“Sawa, mwalimu,” akasema. “Lakini mwanangu anataka kumfumia Cucu kizibao, si kofia. Cucu atakigeuza, na safari hii kila kosa litakuwapo. Akichekwa kule, usije ukaniambia ulidhani unamsaidia.”

Huo ndio uzito tuliokuwa nao mwezi mzima. Ikiwa kizibao kingeharibika, au kingedharauliwa, dada yangu angeziweka sindano chini kwa mara ya pili, na sikudhani angeziokota tena.

Alifuma kwa bidii ambayo iliwatisha hata watoto wenzake. Alichagua uzi wa rangi ya kijani kibichi, akajifunza kujipaka poda kama mama, akawa anatoa ulimi kidogo kila anapofika mwisho wa safu. Mgongo wa kizibao ulimalizika. Sehemu ya mbele ilikuwa imepita kiuno alipoitwa kanisani, alasiri moja, kwenye mazoezi ya igizo la Krismasi. Aliiacha kazi yake juu ya kiti cha barazani, akakimbia.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Nilijua kwa sababu sindano zake zilinyamaza. Kitanzi kimoja kilikuwa kimeponyoka kwenye ncha ya sindano ya dada yangu, na kila upepo ulipokitikisa kitambaa, kitanzi kilicho chini yake kilifunguka pia. Anayefuma anajua hatari hiyo: kitanzi kisichoshikwa hushuka safu baada ya safu, na huweza kufika chini kabisa, kikiacha mchirizi mtupu katikati ya kazi.

Mama alikuwa ameshanyoosha mkono. Nilimwita, naye akausimamisha hewani.

“Ni kitanzi kimoja tu,” akasema. “Nitakirudisha. Hatajua.”

“Hilo ndilo tatizo, mama. Hatajua.”

“Na kikishuka mpaka chini? Arudi akute mwezi wake wote umepasuka, ndipo ahadi yako itakuwa nzuri?”

Kusema kweli, kwa muda nilitamani angekuwa amekirekebisha kabla sijaona. Ahadi niliyoitoa ilikuwa safi nilipoitamka, lakini sikuwa nimefikiria siku ambayo kuitimiza kungemaanisha kukaa na kutazama kazi ya mtoto ikifumuka. Nilipendekeza nimkimbilie kanisani. Mama alisema kwamba mpaka nirudi, upepo wa ziwani wa alasiri utakuwa umemaliza kazi.

Kisha aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na pini ya nepi, mojawapo ya zile alizotufungia nepi tulipokuwa wachanga. Aliinama juu ya kiti, akaichomeka pini ndani ya kile kitanzi kilichokuwa kikitoroka, akaifunga. Hakugusa kitu kingine. Ule mchirizi mfupi uliokwisha kushuka aliuacha kama ulivyo, wazi, wa kuonwa na yeyote.

“Sijafuma,” akasema, akikaa. “Nimekizuia tu.”

Dada yangu aliporudi, aliiona pini kabla hajafika kwenye kiti. Alinitazama mimi, si mama.

“Nani?”

Nilimwambia ukweli wote: kwamba kitanzi kiliponyoka, kwamba kazi yake iliguswa, na kwamba nilikuwapo nikakubali. Ahadi yangu, kama nilivyoitamka, ilikuwa imevunjwa, na sikutaka kujificha nyuma ya udogo wa pini. Mama akasema, “Ni mimi. Sikutaka kishuke. Kukirudisha au kukiacha, ni wewe.”

Alikaa chini, kazi ikiwa mapajani, akautazama ule mchirizi kwa muda mrefu. Nilidhani ataingia ndani. Badala yake aliuliza, bado hajainua kichwa, “Kinarudishwaje?”

Sitasahau jibu la mama. Hakuichukua kazi ya dada yangu. Aliichukua yake mwenyewe, sweta ya baba iliyofika nusu, akachomoa kitanzi kimoja kwa makusudi, akakiacha kishuke. Sijawahi kumwona akiiharibu kazi yake. Kisha alileta sindano ya kulabu na kuonyesha: unaingiza kulabu ndani ya kitanzi, unaushika uzi ulio juu yake, unauvuta upite, sasa una kitanzi kipya, panda tena. Alirudisha chake chote, akakiharibu tena, akamkabidhi kulabu mwanawe. Dada yangu alijaribu kwanza kwenye sweta ya baba, ndipo akaifungua pini.

Watoto wa ploti walikuwa wamekusanyika. Mmoja alisema kwamba kizibao kimefanyiwa operesheni. Dada yangu alicheka, akaendelea kuvuta uzi. Alipomaliza, mchirizi ulikuwa umefungwa, lakini mahali pake palikuwa pamebaki mstari uliokazana kidogo kuliko pengine. Mama aliuona. Nilimwona akiuona. Alijipaka poda viganjani na kuendelea na kazi yake.

Nyandarua tulifika jioni, ukungu ukiwa umeshuka. Cucu alikipokea kizibao, akakaa karibu na moto, akakigeuza. Mama alisimama mlangoni na shali yake begani, hakuingia. Cucu alipitisha vidole vyake safu kwa safu, kama kawaida, na ule mstari aliupita bila kusimama. Alisimama kwenye makwapa. Akapitisha mkono mmoja, kisha mkono na kiwiko.

“Hapa anaweza kupita kuku,” akasema.

Wajomba walicheka. Niliona uso wa mama ukikaza, na mimi mwenyewe nikakunja ngumi. Lakini dada yangu alisogea mbele, akalishika lile kwapa, akalipima kwa mkono wake, akakubali kwamba ni pana. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Aliushika mkono wa Cucu na kuurudisha nyuma, mpaka kwenye ule mstari uliokazana.

“Na hapa, Cucu, umepaacha. Kitanzi kiliponyoka. Nilikirudisha mwenyewe.”

Cucu aliusogeza mstari ule karibu na mwanga wa moto. Aliutazama sana. Baadaye alimtazama mama pale mlangoni, kwa kitambo, na mama hakuinamisha macho. Sijui walichoambiana kwa kutazamana huko, na sikuuliza. Cucu alikivaa kizibao juu ya nguo zake na kumwambia dada yangu aketi, amweleze jinsi kitanzi kilichoshuka kinavyorudishwa bila kuvuta uzi wote. Yeye, alisema, alikuwa akifumua siku zote.

Walikaa hapo mpaka chakula kilipoiva. Mama aliingia hatimaye, akavuta kigoda, akakaa upande wa pili wa mtoto wake, mikono mapajani, bila kazi yoyote.

Naandika haya kwa sababu mwaka ujao nitakuwa darasani, na nitakuwa na watoto wengi wasio wangu, wenye kazi zilizopinda. Najua mkono wangu utaniwasha kuzinyoosha. Najua pia kwamba wako wazazi, walimu na mashangazi wengi ambao mikono yao inawawasha sasa hivi, kwa upendo mtupu. Kwa hiyo nina ombi moja. Ukiona kosa katika kazi ya mtoto, usilirekebishe akiwa hayupo. Mngoje arudi, mwonyeshe lilipo, kisha mwachie kazi yake.