Njia ya Mama Mdogo

Kila nikirudi nyumbani naulizwa swali lile lile, na kila mara linanipandisha mori. Kazi yako huko ni nini hasa? Nasema natunga muziki. Ehe, kwa hiyo unaimba? Siimbi. Basi unapiga kinanda. Napiga, ila si kazi yangu. Sasa kazi yenyewe ipi? Kazi ni kukaa chumbani na penseli na kifutio, kuandika nota ambazo watapiga wengine, watu sitini waliovaa nguo nyeusi, na siku ikifika mimi nakaa kwenye kiti kama mgeni mwingine yeyote. Hapo mtu hunitazama kwa huruma. Shemeji yangu mmoja wa Chang'ombe aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama hao wazungu wanajua kwamba sifanyi kitu.

Nilianzia kwenye kwaya ya kanisa pale Makole nikiwa msichana, sauti ya pili, safu ya nyuma. Mwalimu wa kwaya aligundua kwamba nikisikia wimbo mara moja naweza kuuandika, akanisukuma nisome. Nikasoma, nikapata nafasi ya kwenda ng'ambo, nikabaki huko. Huu mwaka wa kumi na saba. Nafundisha piano, natunga, na jina langu linajulikana na watu wachache wanaojua mambo hayo.

Yote hayo hayakumhusu mwanamke ninayetaka kusimulia habari zake hapa. Baba alikuwa mchuuzi wa samaki, anawanunua bwawani Mtera na kuwaleta Dodoma mjini. Nilipokuwa na miaka kumi na minne tukajua kwamba huko Mtera ana mke mwingine. Mama alilia mwezi mzima, kisha akanyamaza. Mimi sikunyamaza. Nilimchukia yule mwanamke kabla sijamtia machoni, na nilimchukia kwa bidii, kama mtu aliyepewa kazi.

Nilimwona mara moja tu. Baba alifariki nikiwa na mwaka mmoja ng'ambo, nikarudi kuzika. Wajane wawili walikaa mkeka mmoja, mama yangu na yeye, na yeye amempakata mtoto wa kike wa miaka mitano, mdogo wangu. Nilipita nikiwaamkia akina mama mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, kila mmoja akinipa marahaba yake. Nilipomfikia yeye aliinua kichwa. Niliiona midomo yake imeshajiandaa kuitikia. Nikamruka, nikamwamkia aliyefuata. Msiba mzima uliona.

Halafu mama akanifanyia jambo ambalo nililiona ni usaliti. Aliacha nyumba ya Chang'ombe akahamia Mtera, akalima na mke mwenzake. Alisema mjini kuna upweke. Huko wakaingia wote wawili kwenye kikundi cha akina mama wanaoimba nyimbo za Kigogo na kupiga ngoma, wakawa wanasimama bega kwa bega. Kwenye simu mama alikuwa akisema mwenzangu hivi, mwenzangu vile, na mimi nabadilisha mazungumzo. Mwenzake alikuwa na kifua kibovu. Alipofariki nilituma rambirambi na kusingizia kazi. Sikuwa na kazi yoyote wiki ile.

Miezi minane baadaye nilikwenda Mtera na kinasa sauti. Kuna okestra iliniomba niiandikie muziki wa fidla na waimbaji wanane, nami nikaona niwachukue akina mama wa kikundi kile niwe na mahali pa kuanzia. Niliwarekodi alasiri tatu mfululizo, uani kwa mama. Yule mdogo wangu alikuwepo, msichana mkubwa sasa, akiniamkia kila asubuhi na kuniletea maji ya kuoga. Sikumuuliza hata anasoma au anafanya nini.

Niliporudi kwenye baridi nikaanza kusikiliza, nikagundua wimbo una tundu. Kila mama alikuwa na njia yake ndani ya wimbo, haifanani na ya mwingine, na zote zinashikana vizuri kabisa. Lakini kati ya sauti ya mama yangu na ya jirani yake palikuwa na nafasi tupu, wazi kama pengo la jino. Nilidhani wamesahau, au wamepungua. Mimi si nimesoma? Kazi yangu ni kuziba mapengo. Alasiri moja nilikaa nikaiandika ile njia iliyokosekana kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kufuta hata nota moja, mimi ambaye hufuta mpaka karatasi inatoboka. Nilijisifu sana siku hiyo.

Jambo moja tu lilinisumbua. Katikati ya njia ile, tena katikati ya neno, nilikuwa nimeweka pumziko dogo, neno likakatika vipande viwili. Kwenye mazoezi mwimbaji mmoja aliniuliza kama nimekosea. Nilimjibu kwa ukali aimbe kilichoandikwa. Ukweli ni kwamba sikujua kwa nini nimeliandika. Kila walipofika hapo nilihisi baridi shingoni, kama mtu amesimama nyuma yangu kwenye foleni, karibu mno, na nikigeuka hakuna mtu.

Muziki ulipokelewa vizuri kuliko chochote nilichowahi kutunga. Ukumbi mkubwa wa mji mwingine ukauomba kwa ufunguzi wa msimu wao. Nilikuwa nimeusubiri ukumbi ule tangu nilipokuwa mwanafunzi, napita nje yake nikila mkate mkavu. Kwa furaha nikamtumia mama rekodi kwenye simu. Mama yangu hujibu hata picha za maua za asubuhi njema. Safari hii alikaa kimya siku nne. Siku ya tano akapiga, na hakunisalimia.

"Nani kakufundisha njia ya mwenzangu?"

Alinieleza kwamba walikuwa wamekaa wanabangua karanga, wanasikiliza, wanacheka jinsi wazungu wanavyotamka Kigogo. Ilipoanza ile njia, mikono ikasimama. Mama mmoja akainuka akaenda kuchungulia uani. Ilikuwa yake yote, mama alisema, jinsi alivyokuwa akiingia kwa kuchelewa kidogo, jinsi alivyokuwa akishuka mwishoni. Na pale neno linapokatika ndipo kifua kilipokuwa kinambana, lazima avute pumzi.

"Umemwandika mpaka na ugonjwa wake," mama alisema.

Nilijitetea kwamba labda niliwahi kumsikia. Akaniuliza lini. Mwanamke yule alianza kuimba baada ya msiba wa baba, na tangu siku ile mimi sikukanyaga Mtera mpaka alipokwisha kufa. Nikasema labda kuna mtu aliyemrekodi na simu. Mama akasema yeye mwenyewe ameitafuta hiyo sauti kwenye simu za watu wote, kwa sababu amemkumbuka, na hakuna.

Ndipo nikaambiwa jambo ambalo wao walidhani nalijua, kwa kuwa mimi ni mtoto wa nyumba. Sijui vikundi vingine, lakini kikundi cha mama ndivyo kilivyo: mama akifa, njia yake inaachwa tupu. Wenzake wanaimba wakiizunguka, hakuna anayeikanyaga, mpaka mavuno yanayofuata yapite. Wanasema bado anaitembea mwenyewe, anaimalizia. Baada ya mavuno analetwa mrithi, anapewa. Mrithi alikuwa mdogo wangu. Alikuwa ameisubiri njia ya mama yake kwa kuwa hakuachiwa kingine, si shamba wala nyumba. Mavuno yalipopita akina mama wakakataa kumpa. Walisema njia ina mtu. Dada yake ameshaingia.

"Mdogo wako anakaa pembeni na akina mama wageni, wenzake wakiimba," mama alisema. "Njoo umrudishie chake."

Kurudisha maana yake ni kuja mwenyewe, kumwamkia mwenye njia, kuiimba mara ya mwisho mbele ya mrithi, na baada ya hapo kutoigusa tena, si kwa mdomo wala kwa karatasi. Nilielewa vizuri. Nilielewa pia kwamba muziki wangu bila njia ile ni mchuzi usio na chumvi, na ukumbi ule mkubwa hautakuwa na sababu ya kuutaka. Nikamjibu mama vibaya. Nikamwambia nimeiandika kwa mkono wangu, mezani kwangu, na imani zao wabaki nazo huko huko. Akakata simu.

Wiki tatu nilijifanya nafanya kazi. Kila nilichoandika, nikikitazama, kilikuwa na pumziko mahali pale pale. Nikalifuta, nikaandika upya, nikalikuta tena. Nikipanda ngazi za nyumba yangu nilianza kusimama katikati nivute pumzi, ingawa sijachoka. Halafu mwanafunzi wangu wa piano, mama mtu mzima mwenye afya kunizidi, akapiga wimbo wake aliouzoea, akaukata katikati na kuvuta pumzi kwa shida. Nilimuuliza kwa nini amesimama. Alishangaa, akasema si mimi niliyemwonyesha hivyo wiki iliyopita? Nilimrudishia ada ya somo lake, nikafunga mlango, nikakaa chini kwenye zulia. Niliogopa sana, sitaki kudanganya.

Niliuandikia ukumbi kwamba njia ile inaondolewa, wakitaka wapige muziki ukiwa na tundu lake. Mpaka naondoka hawakunijibu. Mama nilimpigia nikamwambia naja.

Kutoka Dodoma nilikodi gari. Maji ya bwawa yalikuwa yamepungua, na ile miti iliyofia majini tangu bwawa lilipojazwa ilikuwa imesimama mitupu, mingi, yote imeelekea upande wa barabara. Upepo uliokuwa ukitupiga vumbi tangu asubuhi ulikoma tulipokata kona ya kwa mama. Hata kuku hawakusikika. Akina mama walikuwa tayari uani, wamesimama kwenye mstari wao, na kando ya mama yangu wameacha nafasi ya mtu mmoja. Mbele ya nafasi ile paliwekwa kigoda cha marehemu, na mdogo wangu amekikalia, ameielekea. Mrithi ndiye anayeitikia kwa niaba ya mwenye njia, mama alinieleza. Nianze kwa salamu.

Safari nzima nilikuwa nikihofia kuimba. Kumbe kuimba hakukuwa kitu. Nilipiga magoti kwenye ile nafasi tupu, mbele ya mtoto niliyemzidi miaka kumi na saba, mtoto ambaye siku zote yeye ndiye aliyeniamkia, na neno likanikwama. Lilikuwa limekwama tangu msiba wa baba. Mama hakunisaidia. Hakuna aliyenisaidia.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Mdogo wangu aliinua kichwa polepole, vile vile, na midomo ile ile.

"Marahaba, mwa..." alisema, kisha pumzi ikavutwa kwa nguvu, ya kubana, kutoka chini kabisa kifuani, na mdogo wangu hajaugua kifua hata siku moja, "...nangu."

Hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi. Mama alifumba macho tu. Basi nikaimba, kwa sauti yangu mbovu ya safu ya nyuma Makole, nikikata pale pa kukata, nikivuta pumzi isiyokuwa yangu. Sikufika mwisho. Mdogo wangu aliidaka njia mdomoni mwangu akaendelea nayo, akaizungusha tangu mwanzo, na akina mama wakaingia mmoja mmoja wakimzunguka. Nilisubiri lile neno. Lilipofika alilipitia moja kwa moja, zima, bila kuvuta pumzi.

Nikalia, na nililia kwa kelele, mtu mzima na shahada zangu. Nilikuwa nimemchukia miaka yote ile, na sasa nilitaka akohoe tu, avute pumzi mara moja nimsikie. Nilitega sikio kila walipozunguka, na kila mara neno lilikuja zima. Mama akanitupia khanga nijifute, akaniambia ninyanyuke nisogee pembeni, nimepiga magoti kwenye nafasi ya mdogo wangu.