Mkono Pembeni mwa Picha

Mume wangu alikuwa mpiga picha, na mimi nilikuwa nikizisafisha picha zake. Studio yetu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, pale Manika, mtaa wa Kolwezi, hatua chache kutoka sokoni. Yeye alipiga na kuchapa. Mimi nilikaa karibu na dirisha na brashi nyembamba na wino, nikifuta madoa, nikijaza mikwaruzo, nikiwafumbua macho waliokuwa wamefumba. Ndugu zangu wa kaskazini mwa Katanga walisema nimeolewa na Mkasai mwenye mashine ya kuiba sura za watu. Walisema wakicheka, naye alicheka pamoja nao. Alizaliwa Kolwezi; Kasai, mkoa wa wazazi wake, alikuwa hajawahi kuiona.

Mama wa Kihindi alikuja kwetu asubuhi moja, wakati mgodi ulipokuwa umeanza kuyumba na wanaume wengi wakishinda nyumbani. Tulimjua kwa sura. Alikuwa shangazi wa mwenye duka la vitambaa, mzee, mfupi, ambaye alikaa siku zote nyuma ya meza ya duka na mkasi umening'inia shingoni. Alifungua kitambaa akatoa picha ya zamani iliyobandikwa kwenye karatasi ngumu. Ilikuwa na ufa katikati na madoa ya kahawia. Ndani yake mwanamke mzuri, mwenye nguo zilizochakaa lakini shingo ya mtu wa ikulu, alikuwa ameinama akikinga viganja. Pembeni kabisa, upande wa kulia, mkono mwembamba ulimmiminia maji kutoka kwenye chungu. Ulionekana mkono tu, mpaka kwenye kiwiko. Mwenye mkono alikuwa amebaki nje ya picha.

Mume wangu aliipeleka penye mwanga, akaitazama kwa muda.

"Tutaitengeneza, mama," alisema. "Ila huu mukono unaharibu. Tukate hapa pembeni, huyu mwanamuke abakie peke yake. Itakuwa muzuri."

"Hapana, tata, usikate," alisema yule mama. "Ule mukono njo miye, ni wangu."

Niliweka brashi chini.

Alituambia alizaliwa Bombay, na nyumba yao ilipakana na uwanja ambapo watu walipiga filamu, zile za mwanzo zisizo na sauti. Siku moja mtoto aliyepangwa kucheza aliugua, wakamwona yeye amepanda ukutani anachungulia, wakamwita. Alitakiwa kumpa maji malkia aliyefukuzwa katika nyumba yake. Alisimama katikati ya chumba chetu akatuonyesha alivyobeba chungu, alivyokiinamisha, alivyoamriwa amwonee malkia huruma. Lakini jua lilikuwa kali na rangi ya uso wa malkia ilikuwa ikitiririka hadi kidevuni, basi yeye akawa anacheka, wakawa wanarudia, na chungu kinajazwa upya.

"Na filamu yenyewe ilikuwa muzuri?" nilimuuliza.

"Sikuiona. Baba alikataa. Alisema inatosha nimejiaibisha, nisiende tena kujitazama. Kaka yangu njo aliiona. Aliniambia uso wangu ulionekana wote, na nilikuwa ninacheka."

Alijiambia atakwenda kuiona akiwa mkubwa. Halafu aliolewa, akavuka bahari, akafika Katanga. Miaka mingi baadaye alimwandikia kaka yake aitafute. Kaka alijibu kwamba jumba la kuhifadhia liliungua, maana filamu za zamani zilishika moto upesi kama petroli, na zile zilizopona moto ziliuzwa ziyeyushwe ili watoe madini ya fedha yaliyomo. Alichopata ni ile picha, iliyokuwa imetundikwa mlangoni mwa sinema kuwavutia watu.

Mume wangu, ambaye utoto wake wote aliwaona watu wakipondaponda mawe kutafuta shaba, alitikisa kichwa. "Balitoa feza, bakatupa batu," alisema.

Tangu siku ile aliishika kazi hiyo kama ya mama yake mzazi. Aliamua kuipiga picha ile picha, mimi niusafishe ufa na madoa, kisha aichape kubwa kwenye karatasi nzito. Ila karatasi ya namna hiyo ilitoka Ulaya kupitia Lubumbashi, na siku hizo hakuna kitu kilichokuwa kikifika. Hata umeme wa bwawa la Nzilo ulikuja na kuondoka. Nilimwambia tuichape kwanza kwenye karatasi ndogo ya picha za vitambulisho, mama apate kitu mkononi. Alikataa.

"Amengoja tangu utoto," alisema. "Hatuwezi kumupa kitu ya kuchekesha watu. Tungoje karatasi."

Tulingoja. Alipopita kwenda sokoni yule mama aliingia, akakaa kwenye kiti cha wateja, akatusimulia kipande kingine: ngamia aliyegoma kuondoka, farasi aliyeazimwa kwa mwenye harusi, mwanamume aliyevaa sari kwa sababu mwigizaji wa kike amekosekana. Nilipenda kumsikiliza. Hadithi ya malkia inaishaje hakuijua, kwa sababu kazi yake ilikuwa maji tu, na kaka yake hakuwahi kumweleza zaidi.

Kisha askari walipora mji. Duka la vitambaa lilibebwa lote, mpaka rafu na milango. Siku chache baada ya hapo gari la mpwa wake lilisimama mbele ya studio, limejaa watu na mabegi, wakielekea Zambia. Alishuka peke yake.

"Picha iko tayari?"

"Bado, mama," mume wangu alijibu, macho chini. "Karatasi haijafika. Chukua ile ya zamani."

Nilimfungia kwenye kitambaa chake, nikamkabidhi. Aliishika, akatazama gari, akanirudishia.

"Njiani banapekua kila kitu," alisema. "Bataipasua. Ibakie kwenu, itakuwa salama. Nitatuma mutu."

Haukupita muda mrefu zamu yetu ikafika. Watu wa Kasai waliambiwa na wakubwa wa Katanga warudi kwao, na maneno yaliyosemwa kwanza redioni na mikutanoni yakaanza kusemwa mlangoni kwetu. Jirani yetu mmoja, mama niliyekuwa nikisali naye parokia moja, alinivuta kando.

"Weye ni wa kwetu, ubakie," aliniambia. "Bwana yako njo aende."

Nilimwambia sitabaki. Hakunikasirikia, alinisaidia kufunga vyombo. Mashine ya kuchapia tuliiacha, ilikuwa nzito. Negativu zilibaki kwenye makasha yake, na ile aliyoipigia picha ya mama wa Kihindi ikiwa miongoni mwazo. Picha yenyewe mume wangu aliibeba kifuani, pamoja na picha yetu ya harusi.

Tulikaa stesheni majuma mengi tukingoja treni, familia kwa familia chini ya maturubai, na mvua zilikuwa zimeanza. Watoto wa watu walikufa pale kwa kuhara. Siku tuliyopanda behewa la mizigo, lisilo na paa, tulikuwa tumelowa mpaka kwenye mifupa. Mume wangu alipotoa zile picha, zilikuwa zimeshikana uso kwa uso. Nilitaka kuzitenganisha.

"Usivute," alisema. "Tukifika, tutaziloweka kwenye maji safi, zitaachana zenyewe."

Tulipofika Mwene-Ditu, huko Kasai, zilikuwa zimekauka na kuwa kitu kimoja kigumu. Aliziloweka kwenye beseni, akakaa ameziinamia. Ngozi ya picha ilivimba, ikabanduka kwa magamba madogo meusi yaliyoelea juu ya maji. Hatukupata hata jicho moja, si la malkia, si letu.

"Ningechapa ile ndogo," alisema.

Hakufungua studio tena. Alishona viatu, na alipougua hakukawia. Baada ya kumzika, binti yetu, aliyekuwa mdogo tulipofukuzwa na sasa amepata kazi Kolwezi, alinichukua nikaishi naye, na Jumapili moja nilikwenda kumsalimu yule jirani wa parokia. Tulikunywa chai, tukawataja waliokufa. Katikati ya mazungumzo alisema:

"Kumbe! Nyuma ya kuondoka kwenu kulikuya Muhindi mumoja. Aliuliza picha ya shangazi yake. Alisema mama ni mugonjwa sana, anaitaka."

Nilimuuliza ilikuwa lini. Alifikiri, akasema tulikuwa tumetoka stesheni si zamani. Nilimuuliza waliokuwa wameingia nyumbani kwetu walimjibu nini.

"Balimwambia humu hakuna picha. Makasha yenu balikuwa bameisha kuyatupa. Alikaa pale kwenye ngazi mpaka saa sita, njo akaenda."

"Hakuacha anwani?"

"Angemwachia nani?" alisema jirani yangu, akanimiminia chai nyingine.