Ushuhuda wa Kudubla

Kanisani kwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ushuhuda ni wa ushindi tu. Mtu amepona, mahindi yamekubali, mtoto amefaulu: ndipo unasimama. Nilipoingia chuo kikuu Mbarara nikawa ushuhuda wa mama yangu kila Jumapili, hata kabla sijafanya mtihani wowote. Kanisa zima likaniita dokta. Nilitabasamu tu.

Mtihani wa anatomia ulipofika, nilisoma swali la kwanza nikaona nyuso za akina mama wa kanisani. Yote niliyosoma yakayeyuka. Nikafeli. Chumbani kwangu Kakiika, pale pale Mbarara, sikumwambia mtu. Niliacha hata kufungua vitabu, maana asiyesoma akianguka tena ana la kujitetea.

Nikarudi nyumbani kuaga masomo. Mama alikuwa anachambua maharage.

“Mama, nimedubla.” Ndilo neno letu la Kongo la kurudia darasa, na kwetu Kivu ya Kusini mtoto aliyedubla hakutoka nje kucheza, kwa aibu.

“Mwaka muzima?”

“Somo moja. Lakini sirudi tena.”

“Nani anajua?”

“Hakuna mutu.”

Aliendelea na maharage yake.

Jumapili akasimama. Nilidhani ni habari za mahindi.

“Kila siku nawaambia binti yangu ni dokta,” alisema. “Huyu hapa. Amedubla. Anaogopa macho yetu, na ni miye nilimubebesha muzigo huo.”

Akaketi. Nilimchukia mama, nasema kweli. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nje, muuza samaki mmoja, mama mwenye maneno mengi kuliko wote, alinishika mkono akaninong'oneza kwamba hata mtoto wake alidubla, na yeye mwenyewe hajawahi kumwambia mtu. Nikautoa mkono wangu.

Niliondoka bila kumuaga mama vizuri. Sikuacha chuo, labda kwa hasira tu: aibu ilishatoka, sikuwa na cha kuficha tena. Nikasoma. Siku ya kurudia mtihani nilifungua karatasi, nikazingoja zile nyuso kwa mazoea. Zilikuja, ila safari hii hazikutaka kitu kwangu. Nikaandika mpaka muda ukaisha.

Nilifaulu, kwa alama za kawaida kabisa. Nikampigia mama, nikamwomba radhi, nikamwambia Jumapili asimame tena.

“Hapana, mwanangu,” akasema. “Hii nitamuambia Mungu humu ndani ya nyumba. Weye usome tu.”