CD ya Jumamosi

Hezroni Mbwambo alikuwa na sifa mbili pale Same mjini. Ya kwanza, hapakuwa na kompyuta iliyokataa kuwaka akaikubalia. Ya pili, alikuwa mtu wa haraka. Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha kutolea fotokopi na kupiga picha za pasipoti. Ukimpelekea kompyuta saa nne, saa tano anakupigia simu uje uichukue, na saa sita unairudisha.

Jumatatu ile Leticia aliirudisha ya kwake.

Leticia alikuwa mdarizi. Baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, na ingawa Leticia mwenyewe alizaliwa hukuhuku tambarare, watu wa Same walikuwa bado wanamuuliza anarudi lini kwao. Alikuwa na mashine moja ya kudarizi, kuukuu, inayoongozwa na kompyuta kuukuu zaidi. Radi ya masika ilikuwa imeunguza matundu yote ya flashi, kwa hiyo kitu chochote kilichotaka kuingia kwenye kompyuta ile kilipitia mlango mmoja tu, ule wa CD. Na mwezi huo, kwa mara ya kwanza, kwaya ya usharika ilikuwa imempa kazi: majoho thelathini na manne, kila moja lenye msalaba na jina la kwaya kifuani, yavaliwe Jumapili ya jubilei.

"Kaka Hezroni," alisema akiiweka kompyuta juu ya meza, "ulisema umeisafisha."

"Nimeisafisha."

"Umeisafisha mpaka programu ya kudarizi. Haipo."

"Hiyo isikutie hofu. Niliihifadhi kwenye CD kabla ya kufuta. CD mbili. Mimi si mtoto."

Akazitoa. Mbili, zinang'aa, na juu ya kila moja kwa kalamu nyeusi yenye wino mnene alikuwa ameandika: LETICIA, MPYA, NZIMA KABISA. Akaingiza ya kwanza. Kompyuta ikanguruma, mstari wa kijani ukatambaa vizuri mpaka asilimia sabini na moja, ukasimama. Faili limeharibika. Akaingiza ya pili. Hiyo ilikufa asilimia thelathini na nane.

"Vumbi," alisema Hezroni.

Akaipangusa CD kwa shati. Akaipaka dawa ya meno, akaisuuza, akaikausha. Ikafika asilimia thelathini na tisa.

"Inaendelea vizuri," Leticia alisema. "Kwa mwendo huo tutafika jubilei ya wajukuu."

Hezroni alicheka, ila kicheko kilikuwa cha mdomoni tu. Maana alijua jambo ambalo Leticia hakulijua. Ijumaa iliyopita alikuwa amechoma zile CD mbili, akaona neno "Imekamilika", na kwa vile alikuwa na haraka, hakuzifungua kuzikagua. Akafuta kompyuta yote palepale. Virusi vikaondoka na programu ikaondoka navyo. Aliyemuuzia Leticia mashine alikuwa amefunga duka zamani, namba yake haipatikani. Programu ile duniani ilikuwa imebaki ndani ya CD mbili mbovu.

"Niachie mpaka Jumatano," alisema.

Jumanne akazijaribu CD zile kwenye kompyuta nyingine nne. Zote zikagoma. Akashuku boksi la CD tupu, akanunua jingine. Akachoma nyimbo ili kujaribu, na safari hii akaiagiza kompyuta izikague baada ya kuzichoma. Mbovu. Akachoma tena. Mbovu. Akashuku kichomeo, akakifungua, akakipuliza, akakifunga, skrubu moja ikabaki mezani na hakuna aliyejua ilikotoka.

Jumatano asubuhi alikuwa amekaa mbele ya kikombe cha chai, ameshika tama, ndipo jirani akawasha mashine ya kusaga. Ukuta ulikuwa mmoja. Taa ikafifia kidogo, meza ikatetemeka, na chai ikaanza kucheza ndani ya kikombe, viduara kwa viduara. Hezroni alikuwa ameishi na mtetemo ule miaka mitatu, hausikii tena, kama mtu aliyeoa mkoromaji. Akaitazama chai. Akatazama kichomeo, kilichokaa juu ya meza ileile.

Akatoka mbio.

"Shikamoo, Mzee Abednego!"

"Marahaba. Mbona unakimbia kama umefumaniwa?"

"Mzee, naomba uzime mashine. Dakika kumi tu."

Mzee Abednego alikuwa mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Akamtazama, akatazama foleni ya akina mama na ndoo zao. "Nizime? Mahindi ya watu yako mdomoni mwa mashine."

"Kuna majoho ya kwaya yanakwama."

"Kwaya ipi?"

"Ya Walutheri."

"Aa," alisema Mzee Abednego, ambaye alikuwa Msabato tangu tumboni, "basi hao wanahitaji msaada kweli." Akazima.

Mama mmoja wa kwenye foleni akauliza kama siku hizi hata unga unasubiri ruhusa ya kompyuta. Hezroni alikwisha kurudi dukani. Akachoma CD katika ukimya ule, akaikagua. Nzima. Mashine ikawashwa, akachoma nyingine. Mbovu. Sasa ugonjwa ulikuwa umejulikana, ila mgonjwa alikuwa ameshazikwa: faili zenyewe zilikwishafutwa.

Alirudi kumshukuru mzee, na kwa adabu tu akauliza, "Kwani wewe hupumziki, mzee?"

"Mimi? Jumamosi yote. Ijumaa jua likizama, hata punje moja haisagwi hapa. Wewe ndiye usiyepumzika. Sabato ikifika nakusikia umo humo unagongagonga."

Jumamosi. Hezroni akasimama mlangoni mdomo wazi. Wiki mbili nyuma, Leticia alipoleta kompyuta itolewe vumbi tu, Hezroni alikuwa ameihifadhi programu ile kwenye CD moja. Siku ya Jumamosi. Kisha Leticia akaongeza michoro mipya, Hezroni akachoma zile mbili za Ijumaa, na ile ya kwanza, kwa kuwa imepitwa na wakati, akaitupa kwenye boksi la CD zilizokufa. Na boksi lile huwa linapanda mlimani, Mbaga, kwa mama yake, maana hakuna kinachomtisha kunguru anayefukua mbegu za mahindi kama CD inayozunguka juani.

Akapiga simu.

"CD zako?" alisema Mama Hedwiga. "Nimezitundika tangu Jumatatu. Mwanangu, kunguru wamehamia kwa jirani. Yaani jirani ananinunia, hata salamu hataki."

Jua la siku tatu. Hezroni akapanda bodaboda alfajiri ya Alhamisi, akiwa amefumba macho kwenye kona na kuyafumbua kwenye miinuko. Kabla ya kwenda alimwambia Leticia ukweli wote. Alimwambia kwa ujumbe wa simu, kwa sababu ushujaa una mipaka. Leticia alijibu maneno matatu: "Majoho ni Jumapili."

Shambani ukungu ulikuwa haujaondoka. CD zilining'inia kwenye nyuzi za katani, zinazunguka taratibu. Akazishika moja moja. Ishirini na tisa. Harusi za watu, mahubiri, filamu za mapigano, nyingine hazina hata alama. Hakuna iliyoandikwa Leticia. Akarudia kuhesabu, kana kwamba idadi ingemhurumia. Kisha akakaa kwenye tuta, akawaza Jumapili, na majoho matupu vifuani, na watu wakisema, si tulisema kazi asipewe mgeni.

"Njoo ule kande," mama yake aliita. Alipofika akamtazama uso. "Au unatafuta ile yenye maandishi?"

"Mama?"

"Iliyoandikwa kwa kalamu. Hiyo sikuitundika. Kitu chenye maandishi sikitundiki wala sikichomi mpaka nisomewe. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Mwaka ule alipofaulu darasa la saba, mama yake, ambaye macho yake yalikuwa yameanza ukungu, aliwashia moto barua ya kumwita sekondari, na Hezroni akaanza shule mwezi mzima baada ya wenzake. Tangu siku hiyo, nyumbani kwa Mama Hedwiga hata karatasi ya sabuni ilisubiri msomaji.

CD ilikuwa sandukuni, imefungwa kwenye khanga, katikati ya kitabu cha nyimbo. LETICIA, YA KWANZA. Hezroni alicheka mpaka akakaa chini, akala kande sahani mbili, na akaomba ya tatu.

Jioni ileile, Same, Mzee Abednego alizima mashine bila kuombwa. CD ikaingia. Mstari wa kijani ukatambaa: thelathini na nane, Leticia akashika kiti. Sabini na moja, Hezroni akashika kichwa. Mia. Michoro mipya haikuwamo, ila Leticia alikuwa nayo kwenye daftari, na usiku na mchana wa Ijumaa na Jumamosi aliichora na kuidarizi. Jumapili majoho thelathini na manne yaliingia kanisani, na mzee mmoja wa usharika akamuuliza Leticia, si anarudi lini kwao, bali kama anaweza kudarizi kitambaa cha madhabahu.

Wiki iliyofuata Hezroni alipanda tena Mbaga na zile CD mbili za Ijumaa. Mama yake akazigeuzageuza mkononi.

"Zina maandishi. Zinasemaje?"

"Zinasema, nzima kabisa."

"Na ni nzima?"

"Hapana, mama."

"Basi tundika," alisema, akimpa uzi. "Tena ule upande wa jirani, ananinunia bure."