Jaji Asiyekwenda Misibani

Jaji Mwatima Msabaha havai wigi, na mama yake hakumsamehe hilo mpaka anaingia kaburini. Bibi wa watu alitoka Pemba na mtoto mgongoni, akasugua vyoo vya ofisi za Landani miaka na miaka ili binti asome sheria. Halafu binti anapewa ujaji wa rufaa za uhamiaji, ambako majaji wanavaa suti tu, kama wauza bima. "Mwanangu jaji," mama aliwaambia majirani wa Kenton, mtaa wao wa Landani, "lakini wigi bado."

Kazi yenyewe ni kuamua nani abaki Uingereza na nani apandishwe ndege. Balaa lilianzia hapo, maana Wazanzibari wa Landani ni wachache na harusi zao haziishi. Ukila biriani na mtu Jumamosi, Jumanne huwezi kumhukumu, kanuni hazitaki. Mwatima akaacha harusi. Akaacha maulidi. Mwishowe akaacha hata misiba, na kwetu anayeacha kuzika wenzake huyo keshajitenga na umma.

"Da Mwatima, siku yako ikifika nani akubebe?" mdogo wake Afra alimchokoza. "Tuite teksi?"

Ikafika siku ya mama yao. Mwatima alitarajia watu wachache, tena wenye kinyongo. Nyumba ikajaa mpaka ngazini, viatu vikamwagika hadi barabarani. Kijana mmoja mwembamba, ambaye hakuna aliyemjua, alibeba jeneza, akarudi kutoka makaburini na udongo magotini, kisha akajitia nyuma ya nyumba kuosha masufuria. Mwatima akampelekea chai kwa mkono wake.

"Mungu akulipe, mwanangu." Jina hakumuuliza.

Aliporudi kazini, faili la kwanza lilikuwa la Muhiddin fulani, anayefanya kea, kazi ya kutunza wazee, akiomba asitenganishwe na binti yake mdogo aliyezaliwa hapo hapo Landani. Mwatima alilisoma akaona rufaa ina nguvu. Siku ya kusikilizwa, hata wakili wa serikali alikaa kama mtu anayewahi treni, hana hamu ya kubishana. Mlango ukafunguliwa, akaingia yule wa masufuria.

Muhiddin alipomwona, uso ukamnawiri. Hakuwa anajua kwamba mfiwa wa Kenton ndiye jaji wake. Kabla mkalimani hajakohoa, akafanya alivyofunzwa kwao:

"Pole tena na msiba, mama."

"Tumeshapoa, mwanangu," akajibu Jaji, ulimi ukiwa umetangulia akili.

Wakili wa serikali akainua kichwa. "Wamesemezana nini?"

Mkalimani, maskini, akatafsiri yote, pamoja na hilo "mwanangu".

Mwatima akafunga faili. Akaeleza kwa Kiingereza kikavu kwamba bwana huyu amemzika mama yake yeye Jaji, kwa hiyo kesi itakwenda kwa jaji mwingine.

Muhiddin akamgeukia mkalimani. "Kwani kumzika nimekosea?"

"Hujakosea."

"Sasa ningekaa nyumbani?"

Swali hilo mkalimani hakulitafsiri, na Jaji alilisikia vizuri bila msaada wake.

Jaji mwingine alikuwa mzee ambaye makarani walidai aliwahi kukubali rufaa mara moja, akaugua wiki nzima. Safari hii afya yake haikutetereka.

Afra ndiye aliyeleta habari, jikoni, wakichambua mchele wa arobaini.

"Kakataliwa. Wakili wake atajaribu tena mahakama ya juu, ila mwenyewe kashaanza kufunga mizigo. Na anauliza kama aje asaidie kubeba vitu vya arobaini."

"Umemjibu nini?"

"Nimesema nitamuuliza mwenye msiba." Afra akasukuma ungo pembeni. "Wewe ungempa ruhusa ya kubaki, da Mwatima?"

Mwatima akachota konzi nyingine ya mchele.

"Mwambie aje. Kesi si yangu tena. Aje na mtoto wake."

Alikuja. Alisoma khitma na wenzake, akala, akaosha, akambeba binti yake aliyesinzia begani. Akamuaga kila mtu, wanawake akiwaita mama, mmoja mmoja, mpaka mlangoni.

Kwa Mwatima akainama kidogo.

"Kwaheri, Mheshimiwa."